Barua Bila Jina Ilinifuata Roma

Sehemu ya Tano

Kwa wewe uliyechelewa kunifahamu: jina langu ni Scholastika, wa Bigwa, mke wa Castory. Tumekaa kwenye ndoa miaka kumi na miwili bila mtoto. Leo sina hamu ya kujipamba, kwa hiyo nayasema yaliyotangulia kwa ufupi kama yalivyo.

Ilikuwa mwaka elfu mbili, mwaka wa Jubilei. Parokia rafiki ya Italia ilitoa nafasi moja ya kwenda hija Roma kwa kila kanda ya parokia yetu. Kanda yetu ikapiga kura. Ester, rafiki yangu tangu darasa la tatu, akawa wa kwanza. Mimi nikawa wa pili, na wa pili hapandi ndege.

Nikaiandikia parokia barua bila jina. Nikasema Ester amepanda milima ya Uluguru kwa mganga. Kupanda alipanda kweli. Nilichokificha ni kwamba alipanda kunisindikiza mimi, kwa sababu niliogopa kwenda peke yangu. Mganga alikuwa wangu, shida ya mtoto ilikuwa yangu, na dawa aliyotoa nilimtilia Castory kwenye uji siku saba mfululizo. Castory huyo ndiye aliyemzika mdogo wake aliyeuawa na dawa ya mganga. Tangu hapo aliapa kwamba mwanamke atakayeingiza dawa ya mganga nyumbani kwake atarudi kwao siku hiyo hiyo.

Ester aliitwa mbele ya halmashauri ya parokia. "Ulikwenda?" Akasema, "Nilikwenda." "Kwa shida gani?" Akanyamaza. Alikuwa ameniapia kwamba Castory hatajua, na kiapo chake alikishika. Akazuiwa sakramenti, akaondolewa kwaya, na pale Bigwa watu wakaacha kununua vitumbua vyake kwa kuogopa kulishwa kitu.

Mimi nikapanda ndege kwa nafasi yake.

Sasa nisikilize yaliyonikuta Roma.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, wanaume wanne, na Padre Eustace kiongozi wetu. Wanawake wote tulivaa sare: kitenge cha bluu chenye picha ya Mama Bikira mgongoni, na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Fundi mmoja wa Mwembesongo alitushonea wote kwa kipimo kimoja. Wembamba wakapwaya, wanene wakabanwa, na ukituangalia kwa nyuma ulikuwa huwezi kujua nani ni nani. Juu tulivaa masweta meupe ya mitumba, nayo yalitoka kwenye robota moja.

Miongoni mwetu alikuwamo Bibi Maria, mama mzazi wa Ester. Huyu alipata nafasi ya kanda ya juu milimani, upande wa Mgeta. Umri wake ulipita sabini, mguu wa kushoto ulimsumbua, na ndani ya ndege alilala begani kwangu njia nzima. "Wewe na Ester ni wangu wote," aliniambia. Nilitamani ndege ianguke, kisha nikawakumbuka wenzangu nikafuta dua hiyo.

Jumamosi asubuhi Padre Eustace alitukusanya kwenye ukumbi wa masista tuliofikia.

"Kesho tunapita Mlango Mtakatifu," alisema. "Mlango huu haufunguliwi kila mwaka. Wengi wetu hatutauona tena ukiwa wazi. Anayepita awe ameungama. Mimi nitakaa kule kwenye kikanisa, anayetaka aje."

Padre Eustace anaijua sauti yangu hata nikikohoa. Na yeye ndiye aliyeisoma ile barua mbele ya halmashauri.

"Baba," nikauliza, "mtu akiungama kwa padri mwingine, inafaa?"

"Inafaa, mama. Hata kwa askofu, ukimpata."

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mchana tukapelekwa kwenye kanisa moja kubwa, kubwa mpaka ukiita mtu hakusikii. Pembeni kulikuwa na vibanda vya mbao vya kuungamia, kila kimoja na kibao cha lugha. Kifaransa. Kipolandi. Kijerumani. Nikatembea nikisoma vibao mpaka mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, nikaona: KISWAHILI.

Nilitaka kupiga vigelegele. Kwa akili yangu ya Bigwa niliona nimeokoka. Padri mgeni, mji wa ugenini, kesho jioni ndege, na siri yangu inabaki Ulaya. Sikujiuliza jambo dogo tu: kama mimi nimekifuata kibao cha Kiswahili, wenzangu watafuata kibao gani?

Nikapiga magoti. Nyuma ya wavu alikaa mzee wa Kizungu, mweupe kichwa kizima. Kumbe alifanya kazi miaka mingi huko Ifakara.

"Unibariki Padre, kwa kuwa nimekosa," nikanong'ona.

"Sauti, binti. Sauti. Hili sikio limebaki nusu."

"Niliandika barua, Padre."

"Kuandika barua siyo dhambi."

"Ilikuwa ya uongo."

"Eti?"

"Ya uongo, Padre! Nilimsingizia mtu!"

"Mtu gani?"

Nikapandisha sauti kidogo. "Rafiki yangu. Ester. Nilisema alikwenda kwa mganga."

"Hakwenda?"

"Alinisindikiza. Mwenye shida nilikuwa mimi."

"Nani alikuwa na shida?"

"Mimi, Padre! Mimi Scholastika! Yeye alinisindikiza tu!"

Jina langu lilinitoka lenyewe. Mtu ukishabanwa hujui hata unachokisema. Nikaendelea hivyo hivyo, yeye akiniuliza mara mbili mbili, mimi nikirudia, mpaka yote yakatoka: barua, dawa, uji, nafasi ya ndege. Nililia. Nikaona mzigo unashuka.

Yule mzee alikuwa ameniuliza, "Ester ulimchafua mbele ya nani?"

"Mbele ya parokia, Padre."

"Basi utamsafisha mbele ya hao hao."

"Padre, mume wangu ataniacha."

"Huenda akakuacha," alisema, tena kwa upole. "Lakini nikikuambia usali Baba Yetu kumi, nitakuwa nakudanganya. Unakubali au hukubali?"

Nikasema nakubali. Nilisema haraka, kama mtu anayetaka tu kuondoka dukani. Akanipa ondoleo, nikainuka nikijifuta kamasi.

Hapo ndipo nilipoliona pazia la upande wa pili.

Kwetu parokiani kibanda cha kuungamia kina upande mmoja. Unapiga magoti, unasema, unatoka, mwingine anaingia. Sikujua kwamba vibanda vya kule vina pande mbili, padri katikati, na huyu akiungama kulia, mwenzake anasubiri kushoto ubao ukiwa umefungwa. Ubao wenyewe ulikuwa mwembamba. Na mimi nilikuwa nimepiga kelele.

Pazia likatikisika. Mtu akatoka upande ule bila kuungama, akageuka, na kabla hajapiga hatua ya pili nguzo ikamficha. Nikaona mgongo tu. Kitenge cha bluu. Mama Bikira mgongoni. Sweta jeupe.

Nilichelewa kumfuata. Nilipozunguka nguzo nikatokea kwenye kundi letu, na pale walikuwa wamesimama wanawake kumi, migongo yote kwangu, wakimsikiliza mwongoza wageni. Vitenge kumi. Mama Bikira kumi, wote wananitazama.

Nikasimama nyuma yao. Mmoja wao alikuwa anajua. Nani?

Chakula cha jioni sikuonja ladha yake. Nilikuwa napitia uso mmoja mmoja. Aliyenitabasamia, nikasema ni huyu. Asiyenitabasamia, nikasema ni huyu kabisa. Mama mmoja aliniambia, "Schola, mbona hivyo?" nikamwaga maji mezani.

Nikaamua ni Joyce. Joyce wa Kihonda tulilala naye chumba kimoja, na yeye na Ester waliimba sauti ya pili bega kwa bega. Halafu tangu mchana alikuwa ananikwepa macho. Nikamvuta ukumbini.

"Joyce, dada yangu, nakuomba. Ulichokisikia kibaki moyoni mwako."

Joyce akashtuka. "Nani kakuambia?"

"Nimekuona mwenyewe."

Akashika mdomo. "Jamani! Mimi nilichukua sabuni tatu tu! Na ile taulo nitairudisha, Schola, naapa. Nilidhani masista hawahesabu."

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile nilimwambia airudishe taulo, nikaingia kitandani na viatu. Nusura nimwage mtama kwa mtu asiyejua lolote, na anayejua bado sikumjua.

Jumapili asubuhi tulipanga foleni kwenye uwanja mkubwa. Mbele kabisa, mbali, uliuona Mlango ukiwa wazi na watu wakipita wakiugusa, wengine wakilia. Nikajiweka sawa. Nikajipa moyo kwamba labda yule mtu hakusikia, labda naye sikio lake limebaki nusu.

Bibi Maria akaja akichechemea, akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Kimya.

Nikadhani ni kelele za watu. Nikageuka kabisa, nikainama. "Shikamoo, mama."

Akanitazama. Hakuitikia.

Msomaji, wewe unajua. Mzee wa kwetu anaweza kuwa na njaa, anaweza kuwa na homa, anaweza kuwa amefiwa, lakini marahaba atakupa. Bibi Maria huyu aliitikia shikamoo hata za walevi kule Mgeta. Kwangu alifunga mdomo. Ndipo nilipojua nani alikuwa nyuma ya lile pazia.

"Mama," nikaita.

"Nilikuwa upande wa pili," alisema polepole. "Nilikwenda kuungama kwamba nimemchukia mwanangu. Miezi minane simwiti jina. Nilimwambia Ester amenitia aibu mbele ya ukoo na mbele ya Mungu. Akanipigia magoti, akasema, 'Mama, siwezi kukuambia, niamini tu.' Sikumwamini."

Watu waliimba pande zote. Mimi nilimsikia yeye tu.

"Utanisema?" nikauliza. Ndiyo, hilo ndilo swali nililouliza. Mama wa watu anatokwa machozi, mimi najifikiria mwenyewe. Naona haya hadi leo.

"Siwezi. Katekista alitufundisha, anayesikia kwa bahati mbaya maneno ya kitubio naye amefungwa. Nitakufa nayo." Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Mimi mdomo wangu umefungwa. Wako haujafungwa."

Nitasema ukweli. Moyoni nilipumua. Nilijiambia, basi, bibi hawezi kusema, nimepona. Foleni ikasogea. Nikapiga hatua.

Bibi Maria hakupiga. Akakaa chini, pale pale kwenye mawe, akaweka fimbo mapajani.

Watu wakaanza kutupita. Padre Eustace akaja mbio. "Bibi, unaumwa? Tuite daktari?"

"Siumwi, Baba. Nina hasira. Siwezi kupita mlango huu na hasira niliyonayo."

"Hasira na nani, mama yangu, leo siku kubwa hivi?"

"Hilo nimefungwa."

Padre akamtazama, kisha akanitazama mimi. Sijui uso wangu ulisema nini. "Mama Scholastika," aliniita kwa sauti ndogo, "una la kuniambia?"

Nikatingisha kichwa kwamba sina.

"Haya. Baki naye. Sisi tunapita, nitarudi kuwachukua. Lakini saa saba wanafunga zamu yetu, na basi la uwanja wa ndege ni jioni." Akaondoka na kundi. Nikawaona Joyce na wenzake wakisogea, vitenge vya bluu vikipungua kimoja kimoja, mpaka vikaisha mlangoni.

Tukabaki wawili. Yule bibi aliuota mlango ule tangu alipotangaziwa. Aliacha migomba yake, akapanda ndege na mguu mbovu, na sasa alikaa hatua mia mbili kutoka pale akiupa mgongo. Kwa sababu yangu. Hofu yangu ilikuwa bado kubwa, lakini nikaona sasa nina kitu kibaya kuliko hofu.

"Mama, inuka, nakuomba. Tukifika nyumbani nitamwendea Ester, nitamwomba radhi."

"Wapi? Jikoni kwake, mlango umefungwa?"

Nikachuchumaa kando yake.

"Leo Jumapili," alisema. "Hapa saa sita, kwetu saa saba. Watu wako kwa Abasi."

Nilijua maana yake. Abasi ni mwenye duka Mwembesongo, mwenye simu. Yeye ni Mwislamu, lakini hija yetu aliipokea kama ya kwao. Jumapili baada ya misa ndugu zetu walikuwa wamekubaliana kukusanyika dukani kwake kungoja simu ya kutoka Roma.

"Ester naye atakuja?"

"Atakuja kunisikia. Mimi simtaki kwenye simu, naye anajua, lakini atakuja. Atasimama nje, ng'ambo ya mtaro, maana ndani watu wanamkwepa." Akanyoosha mkono nimwinue. "Twende ukamwite."

Kibanda cha simu kilikuwa pembeni ya uwanja. Bibi Maria alitoa kadi tuliyopewa na masista na kikaratasi chenye namba. Nikabonyeza. Nikakosea, nikaanza upya. Nilikuwa nimepanga: nitaomba Ester peke yake, nitamnong'oneza, atalia, nitalia, bibi atapata amani, yatakuwa ya wanawake watatu. Hata hapo, msomaji, nilikuwa bado natafuta kichochoro.

"Halo! Roma!" Ilikuwa sauti ya Abasi, na nyuma yake shangwe.

"Abasi, ni mimi Scholastika. Nakuomba niitie Ester. Mpe simu mkononi."

"Ester? Yuko nje huko. Ngoja aitwe. Lakini sema tu, mama, simu yangu mpya hii ina spika! Nimeinunua juzi Kariakoo. Duka zima tunakusikia!"

Nikaegemea kioo.

"Mke wangu!" Castory huyo. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu kiwanda alichofanyia kazi kibinafsishwe na yeye kupunguzwa. "Mmepita mlango? Umetuombea mtoto?"

Machozi yakanitoka bila kelele. "Castory, nani yuko hapo?"

"Wote! Katekista, mwenyekiti wa halmashauri, akina mama wa jumuiya. Ester naye ndiyo anaingia. Kuna nini?"

Nikageuka. Bibi Maria alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono mmoja kwenye fimbo. Hakunisukuma. Ningeweza kusema tumepita salama, poleni na kazi, kwaherini. Ningekata simu, na hakuna mtu duniani angeweza kunifungua mdomo.

"Scholastika?" Sasa ilikuwa sauti ya Ester, ya mbali kidogo, kama mtu asiyetaka kukisogelea chombo cha wenyewe. "Mama hajambo? Mguu wake haujavimba?"

Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Angeuliza lingine lolote ningeweza kudanganya.

"Ester," nikasema kwa sauti kubwa, kubwa kuliko ya jana. "Sogea karibu na simu. Mwenyekiti, katekista, nanyi sikilizeni. Ile barua niliiandika mimi."

Hapakuwa na shangwe tena. Nilisikia pikipiki ikipita huko Mwembesongo.

Kisha Ester akasema, taratibu, "Najua."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Unajua nini?"

"Walinionesha barua siku ile. Mwandiko wako naujua tangu darasa la tatu, Schola. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Nyuma yangu Bibi Maria, aliyekuwa ametega sikio kwenye simu, alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Nikashika waya wa simu kwa mikono miwili. Miezi minane alijua. Alinipikia vitumbua vya safari. Alinifungia mzigo.

Halafu nikasikia kiti kikisogezwa dukani kwa Abasi, na pumzi ya mtu karibu kabisa na simu. Ilikuwa ya Castory. Furaha ilikuwa imekwisha kwenye sauti yake.

"Scholastika," alisema, "Ester alikiri mbele ya halmashauri kwamba alipanda mlimani, lakini sasa naona shida haikuwa yake. Nijibu hapo hapo ulipo. Alimsindikiza nani?"